Je, Wajua? Figili Huitangulia Bili ya Maji

Je, wajua kwamba kuna mboga unayoweza kuisia siku unayolipa bili ya maji, ukawa umeshaila kabla bili nyingine haijaja? Ni figili. Zile ndogo nyekundu za mviringo, kubwa kuliko golori na ndogo kuliko ndimu, huwa tayari kati ya siku 22 na 30 tangu mbegu ilipoingia udongoni. Katika mboga za uani kwetu ni mchicha peke yake unaoweza kushindana nayo mbio, na mchicha hauna kiazi.

Je, wajua jina lenyewe limetoka wapi? Waarabu husema fijl, Wamisri hulitamka figl, nasi tukaliongezea irabu likawa figili. Hapo hakuna tatizo. Tatizo liko sokoni. Dar es Salaam ukiomba figiri, kwa "r", unapewa fungu la majani ya kupika, mboga nzuri tu, ya ukoo mmoja na kabichi na haradali, ila chini haina kitu. Tofauti ni ya herufi moja, nami niliilipia kwa siku 40. Niliingia duka la pembejeo nikasema nataka mbegu za figili; muuzaji akasikia anachokisikia kila siku, akanipimia. Nikazisia kwenye beseni, nikamwagilia asubuhi na jioni, na kila baada ya siku mbili nikawa nafukua kidogo kwa kidole kuona kama kiazi kimeanza. Hakikuanza. Tukala majani, watoto wakasifia, nikanyamaza.

Kwa hiyo dukani usitaje jina tu. Sema "ile ya kiazi chekundu" na uitazame picha ya pakiti kabla ya kutoa hela. Ukitaka ile nyeupe ndefu, kama karoti iliyonenepa ikapauka, Wahindi wa huku kwetu huiita muli, na muuza mboga anayewahudumia atakuelewa mara moja.

Je, wajua kuwa gramu moja ya mbegu za figili ina punje zipatazo 100? Ni ndogo kuliko pilipili manga, za kahawia yenye wekundu, na hazikukamilika uduara, kama zilibanwa zikiwa bado laini. Pakiti ya gramu 10 basi ni mbegu kama elfu moja. Hakuna familia itakayozimaliza kwa msimu mmoja, na wala hapana haraka: zikikaa pakavu penye ubaridi hubaki hai miaka minne, hata mitano. Kopo la kahawa lenye mfuniko linatosha, mradi usiliweke juu ya friji, maana pale pana joto kuliko unavyodhani.

Unazo za zamani na huziamini? Hesabu kumi, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, kiweke kwenye sahani kabatini. Siku ya nne kifungue. Zikiwa zimeota nane, sia bila wasiwasi. Zikiota tatu, sia nyingi zaidi. Isipoota hata moja, umeokoa wiki nzima ya kumwagilia udongo mtupu.

Je, wajua kuwa figili haipandikizwi? Nyanya, kabichi na sukuma wiki husiwa kitaluni, zikapata nguvu, ndipo zikahamishwa. Figili ukiihamisha unaukunja au kuukata mzizi wake mkuu, yaani unaijeruhi pale pale ulipotaka inenepe. Itaishi na itatoa majani, ila kiazi kitapinda au hutakiona kabisa. Mbegu iwekwe mahali itakapovunwa: kina chake ni urefu wa ukucha wa kidole gumba, kati ya mbegu na mbegu sentimita tatu hadi tano, kati ya mstari na mstari karibu shubiri moja. Chombo si kazi. Beseni lililopasuka linafaa, ndoo ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari wa moto inafaa, kwa sababu hizi ndogo zinaridhika na udongo wa kina cha sentimita 15. Muli ndiyo yenye madai. Hiyo inataka nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kila upande, na udongo laini wa kwenda chini kama sentimita 40.

Na samadi? Iliyooza, tena ya kiasi. Samadi mbichi huifanya figili igawanyike miguu miwili kama suruali. Mbolea ya kuku ikizidi nayo inaleta naitrojeni nyingi, na mmea wenye naitrojeni nyingi hauna sababu ya kuweka akiba chini. Unajijazia majani tu. Mtu anapokuambia figili zake zina majani mpaka magotini na kiazi kama uzi, mwulize kwanza kuhusu banda la kuku.

Au mwulize kama alipunguza miche. Hili nalo nimelisomea kwa kulipa ada.

Safari ya pili mbegu zilikuwa zenyewe. Siku ya nne zikatoka, kila mche na majani mawili ya mwanzo yenye umbo la moyo, zimejaa beseni zima kama zulia. Nilijivuna. Nilipiga picha. Siku ya tisa akaja shangazi kutoka Lushoto, ambako figili, karoti na kabichi ni mambo ya kila siku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaliinamia beseni hata kabla hajavua viatu.

"Mwanangu, hii bustani au daladala ya saa kumi na mbili jioni?"

Nikamwambia zote zimeota, shangazi, hata moja haikuharibika. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kusikitisha. Kisha akapiga goti, akaanza kung'oa. Hakuwa anachagua sana: alibana mche kati ya kidole gumba na cha shahada, akavuta, akaruka miwili, akavuta tena, huku mkono wa kushoto umeukandamiza udongo ili anayoiacha isitikisike. Mche ulio karibu sana na mwenzake aliukata kwa kucha usawa wa udongo badala ya kuung'oa. Nikamwomba asimalize yote. "Ukiuonea huruma mche," akasema, "utakula majani." Hakujua kwamba nilikuwa nimeshayala. Alipoinuka, beseni lilikuwa na miche 30 hivi badala ya mia na ushei, na mimi nilihisi nimeibiwa. Siku ya 26 nikavuna viazi 28.

Ile miche iliyong'olewa, je, wajua kuwa hailiwi na jalala? Inaoshwa na kuliwa mbichi, majani na bua lake, na ukali wake tayari umo. Wajapani huisia kwa makusudi, wakaivuna ikiwa na siku chache tu, huiita kaiware. Shangazi aliikatia kwenye kachumbari ya jioni ile ile.

Je, wajua kuwa kile kinachonenepa si mzizi mtupu? Kwenye figili ndogo za mviringo, sehemu kubwa ya kiazi ni kile kikonyo kifupi kilicho kati ya mzizi na yale majani mawili ya mwanzo. Mzizi wenyewe ni ule mkia mwembamba chini. Ndiyo maana kiazi hujitokeza nusu juu ya udongo, mabega nje, na haraka unaona mwenyewe bila kufukua kwa kidole kama nilivyokuwa nikifanya. Ukitazama kwa makini wiki ya pili, utaona jambo ambalo watu wengi huliruka: kikonyo kinapoanza kujaa, ngozi yake ya nje haiwezi kutanuka, inachanika pande mbili na kuning'inia kama soksi iliyolegea. Ndani yake ndimo wekundu unamochungulia. Si ugonjwa. Usinyunyize dawa.

Muli ni habari nyingine. Kwake mzizi halisi ndio unaonenepa kwa sehemu kubwa, nao huchimba. Wakulima wa Marekani husia aina hizo za figili ndefu mwishoni mwa majira ya joto kwenye mashamba yaliyoshindiliwa na matrekta, kisha wanaziacha zife kwa baridi bila kuvunwa. Zinapooza, kila moja inaacha shimo, na maji ya mvua yanapata njia ya kushuka.

Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kwenye piramidi kubwa la Misri palikuwa na maandishi ya gharama za figili, vitunguu na vitunguu saumu walivyolishwa wajenzi, na jumla ilikuwa talanta 1,600 za fedha. Herodoto hakujua kusoma Kimisri. Alisomewa na mkalimani, zaidi ya miaka 2,000 baada ya piramidi kujengwa. Kila aliyewahi kumsikia mwongoza watalii akiwa na mgeni mkarimu anajua jinsi takwimu huzaliwa. Lakini kwamba mtu yule aliona ni jambo la kuaminika, piramidi kujengwa kwa figili na vitunguu, hilo lenyewe linasema kitu kuhusu meza za Misri. Hata leo Cairo sahani ya maharage ya ful asubuhi mara nyingi hufuatana na figili au majani yake.

Wagiriki nao waliipandisha cheo. Plinio wa Roma anaeleza kuwa kwenye hekalu la Apolo huko Delphi figili ilitolewa sadaka ikiwa imetengenezwa kwa dhahabu, bitiruti kwa fedha, na tanipu kwa risasi. Plinio huyo huyo anasema Wamisri waliipenda figili kwa mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu zake. Risasi kwa tanipu, naona, ilikuwa haki kabisa.

Je, wajua kwa nini figili inawasha? Ndani ya seli zake kuna vitu viwili vilivyotengwa: glukosinoleti upande mmoja na kimeng'enya upande wa pili. Mmea ukiwa mzima havikutani. Ukiung'ata, au kisu kikipita, au mdudu akitafuna, kuta zinabomoka, viwili vinachanganyika, na kinachotokea ni mafuta makali ya jamii ile ile ya haradali. Kwa maneno mengine, figili haina ukali mpaka umeichokoza. Kimeng'enya hicho kimejaa zaidi kwenye ganda, kwa hiyo mtoto anayelalamika mmenyee. Joto hukiua, kwa hiyo figili iliyopikwa huwa pole na tamu kidogo. Kwenye muli, ncha ya chini ni kali kuliko upande wa majani. Mpishi mwenye akili hukwangua juu kwa ajili ya saladi na kuikaanga ncha. Na figili iliyopata kiu au jua kali huwa kali kuliko dada yake wa beseni lile lile aliyenyweshwa vizuri.

Ndipo ninapowaonea huruma wanafunzi wa Marekani walioingia kwenye jaribio la mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, lililochapishwa mwaka 1998. Waliingizwa na njaa zao kwenye chumba kinachonukia biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa. Wengine waliruhusiwa biskuti. Wengine, mezani pale pale, waliambiwa wale figili tu. Kisha wote wakapewa fumbo lisilo na jibu. Wa figili walikata tamaa baada ya dakika kama 8, wa biskuti wakahangaika nalo karibu dakika 19, na wataalamu wakahitimisha kuwa kujizuia humaliza nguvu za nia. Nadharia ikatembea dunia nzima. Mwaka 2016 maabara 23 zikaipima upya kwa jaribio la aina nyingine, lisilo na figili, na zikakuta athari ndogo mno, karibu na sifuri. Miaka 18 figili imebeba lawama, na hakuna aliyerudi kuiomba radhi.

Je, wajua kuwa saa za mwanga huiambia figili lini itoe maua? Ni mmea wa siku ndefu. Ulaya mwezi Juni, jua linapozama karibu saa nne usiku, figili inaona wakati wa kuzaa umefika: inarusha bua juu, kiazi kinakuwa kigumu, biashara imekwisha. Sisi tulio karibu na ikweta siku zetu ni za saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo upande huo tumesalimika. Adui wetu ni joto. Ndiyo maana Lushoto, Njombe na Limuru figili nyekundu hukubali karibu wakati wote, lakini Dar, Tanga na Mombasa ni heri uisie wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, na beseni uliweke upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi tu. Ukitaka kupanda pwani mwezi Januari, achana na nyekundu. Tafuta muli ya joto. Wahindi wanayo iitwayo Pusa Chetki, iliyozalishwa na taasisi yao ya utafiti wa kilimo kwa ajili ya miezi ile ya Delhi ambayo hata kunguru hutafuta kivuli. Inavunwa kwa siku 40 hadi 45.

Aina nyekundu unayoikuta mara nyingi kwenye pakiti ni Cherry Belle, iliyopata tuzo ya mbegu bora Marekani mwaka 1949, na hiyo hiyo ndiyo iliyopelekwa mbali kuliko mboga yako yoyote. Tarehe 30 Novemba 2020 mwanaanga Kate Rubins alivuna mimea 20 ya figili ndani ya kituo cha kimataifa cha anga za juu, akaifunga kwenye karatasi ya aluminiamu na kuiweka kwenye ubaridi isubiri kurudi duniani. Ilikuwa na siku 27. Ilikua chini ya taa za LED, kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, maji na joto vikipimwa na vihisi. Mle hakuna juu wala chini, kwa hiyo moja ya maswali yalikuwa kama kiazi kingejua kujaa. Kilijaa. Siku 27, zimezidi zangu kwa moja, na shangazi hakuwako.

Maji ndiyo somo gumu kwa sisi wa mgao. Figili ikikaa siku tatu bila maji, ganda linakakamaa. Bomba likitoka usiku ukaimwagia ndoo nzima kwa furaha, ndani kunajaa ghafla, ganda halifuati, na asubuhi unakuta ufa kutoka bega mpaka mkia. Afadhali kikombe kimoja kila siku kuliko ndoo kila Jumamosi. Weka dumu la akiba karibu na beseni, na juu ya udongo tandaza majani makavu kidogo.

Wadudu: utaona majani yametobolewa matundu madogo madogo kama yaliyopigwa sindano. Hao ni mbawakavu wadogo weusi wanaoruka kama viroboto ukiwagusa. Kipande cha neti ya dirishani kilichofunikwa tangu siku ya kusia huwazuia. Lakini usikate chandarua chenye dawa, hicho si cha mboga. Sota hukata mche usiku usawa wa udongo, mtafute asubuhi, amejikunja hapo hapo chini kidogo. Vidukari hukaa nyuma ya majani, na maji ya nguvu kidogo huwaondoa. Zaidi ya hapo sihangaiki, kwa sababu mboga ya wiki nne haiwapi maadui muda wa kuitisha mkutano.

Je, wajua kuwa figili ni mwongozaji mzuri wa karoti? Karoti huchukua wiki mbili, pengine tatu, kuchomoza, na mkulima wa uani husahau alipozisia. Changanya mbegu mbili tatu za figili kwenye mstari wa karoti. Siku ya nne zitakuonyesha mstari ulipo na kuuvunja utando mgumu wa juu. Kufikia wakati karoti zinataka nafasi, figili zimeshaliwa.

Usichelewe kuzing'oa. Hili ni kosa la watu wenye subira, na figili haipendi watu wenye subira. Wiki moja zaidi ili "iongezeke kidogo", nayo inaongezeka kweli, ila ndani inakuwa sifongo yenye mashimo, na ukiikata inatoa sauti kavu. Ikishavunwa, kata majani mara moja, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji ya kiazi. Majani usiyatupe. Yana vinyweleo vinavyokera ulimi yakiwa mabichi na makubwa, lakini yakichemshwa kidogo na kuungwa kwa nazi au karanga yanakaa mezani bila kuona haya. Kwenye nchi za Ghuba majani machanga huliwa mabichi, hayaulizwi habari ya nazi, pembeni ya samaki na wali.

Kiazi chenyewe ni maji asilimia 95, kalori 16 hivi kwa gramu 100, na vitamini C kiasi cha miligramu 15. Si chakula cha kushibisha, na anayekuuzia figili kama dawa ya kila kitu anakuuzia maneno. Ni cha kuamsha ulimi. Wafaransa huipaka siagi na chumvi. Wabavaria huikata nyeupe kama utepe mrefu wa mzunguko, wakainyunyizia chumvi mpaka "ilie", kisha wakaila na bia. Mimi naikata nyembamba, chumvi, ndimu, basi. Ukiiweka kwenye siki, wekundu wa ganda unayeyuka na vipande vyote vinageuka waridi mpaka katikati kwa siku moja. Rangi hiyo ya anthosayanini ndiyo hiyo hiyo ambayo viwanda vingine huitumia kupaka vyakula wekundu badala ya rangi za kemikali.

Japani figili nyeupe huitwa daikon, maana yake mzizi mkubwa, na mwigizaji asiyejua kazi huitwa "mwigizaji wa daikon". Maelezo mamoja ni kwamba neno lao la kumdhuru mtu kwa chakula ndilo hilo la kupatia au kuvuma, na daikon haimdhuru mtu, kwa hiyo haipatii kamwe. Huko huko Kagoshima, chini ya volkano ya Sakurajima, kuna figili za mviringo zinazokua kwenye udongo wa majivu mpaka mtu mmoja anashindwa kuibeba moja kwa mkono mmoja. Moja ilipimwa mwaka 2003, kilo 31.1. Huo ni uzito wa mtoto wa darasa la nne akiwa na mkoba.

Oaxaca, Meksiko, wao huzichonga. Kila tarehe 23 Desemba, tangu mwaka 1897 mashindano yalipoanzishwa rasmi na baraza la mji, uwanja mkuu hujaa figili ndefu zilizoachwa udongoni mpaka zikapata maumbo ya ajabu, zimegeuzwa Mariamu na Yosefu, punda, wacheza ngoma, makanisa yenye minara. Ganda jekundu ni joho, nyama nyeupe ni uso. Wachongaji huzinyunyizia maji usiku kucha, maana baada ya saa chache Mariamu anaanza kusinyaa.

Sasa mbegu. Ukiacha figili chache zisivunwe, zitarusha bua, zitoe maua ya petali nne yaliyopangwa msalaba, meupe au ya zambarau hafifu, na nyuki watakuja hata ghorofa ya tatu. Acha angalau tano. Ua la figili kwa kawaida hukataa chavua ya mmea wake wenyewe, kwa hiyo moja peke yake itachanua vizuri na kubaki tasa. Baada ya maua huja vitumba, na hivyo navyo huliwa vikiwa vya kijani, vikali na vyenye maji. India kuna aina inayolimwa kwa ajili ya vitumba tu, virefu kama mkia wa panya.

Je, wajua kuwa figili iliwahi kuozeshwa kabichi? Miaka ya 1920 mwanajenetiki Mrusi Georgii Karpechenko aliona mambo mawili: zote zina kromosomu 18, na moja ina kiazi chini, nyingine ina kichwa juu. Kwa nini mtu asipate mmea mmoja wenye vyote viwili? Akachavusha kwa mkono. Mimea iliyozaliwa ilikuwa mikubwa, yenye afya, na karibu yote tasa, kwa sababu kromosomu za figili hazikupata wenza wa kupangana nao miongoni mwa za kabichi. Lakini mbegu chache zilijitokeza, na ndani yake idadi ilikuwa imejirudufu, 36, kila kromosomu na pacha wake, na mimea hiyo ikazaa. Mtu alikuwa ametengeneza kiumbe kipya chenye uwezo wa kuendelea chenyewe. Vitabu vya baiolojia bado vinamtaja. Kuhusu chakula, wanaosimulia husema alipata majani ya figili na mizizi ya kabichi. Alikamatwa mwaka 1941 wakati wanajenetiki wa Kisovieti waliposakwa, na Julai mwaka huo akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 42.

Vitumba vikikauka havipasuki vyenyewe kama vya haradali. Ganda lake ni kama kizibo, na mbegu zimebanwa humo moja moja. Binti yangu alivitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki, polepole, tukapepeta kwenye sinia kibarazani. Tulihesabu mbegu 214, tukaacha kuhesabu upepo ulipokuja. Zimo kwenye kopo la kahawa.

Bili ya mwezi huu ililetwa jana. Beseni la pili lina siku 19, na moja imeshatoa bega.